Majina ya Mpunga wa Nyanya

Juzi, hapa Kindu, nilikuwa nimeketi kumalizia ripoti ya kazini, chai yangu pembeni, mara kompyuta ikaamua kwamba mimi nipumzike. Haikuniuliza. Kioo kikageuka buluu, vidoti vikaanza kuzunguka, na chini yake yakatokea maneno yale yale ya Kifaransa: kazi inaendelea, usizime mashine yako. Mwenzangu wa ofisini akacheka, akasema ni mise à jour tu, mashine inajisasisha, kunywa chai yako. Ni kweli, ilikuwa mise à jour tu, na baada ya muda ripoti yangu ilirudi nzima. Lakini chai sikuinywa. Nilikaa nimeshika kiti kwa mikono miwili, na moyo wangu ulikuwa umeshafika Kasongo, nyumbani kwa nyanya yangu, siku ya mvua kubwa. Kama una nafasi kaa nikusimulie, maana kila nikimweleza mtu wa hapa anadhani namsimulia habari za kompyuta.

Nililelewa na nyanya kwa kuwa baba na mama walikuwa huko Lusangi, wanalima kidogo na kuchimba kidogo, kama watu wengi wa kule. Nyumba ilikuwa karibu na soko, ya matofali ya kuchoma na bati juu, na uwanja wake wa nyuma ungeujua kwa pua kabla ya kuuona: moshi wa kuni, mawese yanayochemka, karanga za kukaanga. Karanga ndiyo iliyokuwa biashara ya nyanya. Alizikaanga ndani ya mchanga wa moto, akazipepeta, akazifunga kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe, nasi wajukuu tukazipanga kwenye sinia pale mlangoni. Karatasi yoyote iliyoingia nyumba ile, iwe imetoka shule au dukani, mwisho wake ilikuwa kubeba karanga. Asubuhi tuliamshwa na adhana, halafu pikipiki za kwanza za kwenda Kabambare, halafu mchi wa nyanya kwenye kinu. Ukiusikia mchi, ujue ukichelewa kutoka kitandani utaitwa jina lako kamili.

Alikuwa anatwanga mpunga. Lakini usifikiri kwa nyanya mpunga ulikuwa mpunga tu. Kila aina ilikuwa na jina lake, kibuyu chake cha mbegu, na kazi yake. Kulikuwa na Meno ya Panya, mwembamba na mweupe, wa uji wa Ramadhani. Kulikuwa na Mujane, ambao upepo ukilaza mpunga wote shambani, wenyewe unabaki umesimama. Kulikuwa na Usiambie Mugeni, unaonukia kiasi kwamba ukiupika tu, jirani anakumbuka ghafla kwamba alikuwa na neno la kukuambia. Mwingine ulikuwa wa mwanamke aliyetoka kujifungua, mwingine wa matanga, mwingine wa udongo mwekundu wa upande wa Nyangwe, na kila mmoja nyanya alijua unapandwa mvua gani na ni mwanamke gani wa zamani aliyewaachia mbegu yake. Ile mitatu ya kwanza nimekutajia kwa majina kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo.

Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa anamaliza masomo yake ya chuo palepale mjini. Kwetu hupewi diploma hivi hivi. Lazima uandike kazi ya mwisho, uichape, uifunge vizuri, kisha uitetee mbele ya walimu. Wenzake walikuwa wanachukua kazi za kaka zao, wanabadilisha jina la kijiji, wanafunga. Shangazi alikuwa na kichwa kigumu. Mwalimu wake alimwambia atafute kitu ambacho hakuna aliyekiandika, naye akarudi nyumbani, akaketi jikoni kwa mama yake, akaanza kuuliza habari za mpunga. Kiangazi kizima nyanya alisema na shangazi akaandika, huku wanachambua sombe, yale majani ya muhogo, na kugeuza karanga. Nyanya alijifanya kuchoshwa na maswali. Uongo mtupu. Sijawahi kuona mtu anayefurahia kuulizwa kama yeye, na shangazi alipokawia kurudi kutoka chuo, nyanya ndiye aliyekuwa anachungulia njia.

Basi, mashine. Iliingia nyumbani kwa mkono wa baba mkubwa, ambaye alikuwa na duka la vikwembe, yaani vitenge, na chumvi. Aliinunua Bujumbura, na sehemu ya mwisho ya safari, kutoka Kabambare, ilikuja juu ya pikipiki ikiwa imefungwa ndani ya godoro, kwa sababu barabara ile haijali kitu cha mtu. Tuliiweka sebuleni juu ya meza ya wageni, chini ya kitambaa cha kufuma. Umeme wake ulitoka kwenye pano ya jua iliyokuwa juu ya bati, betri ya gari, na kisanduku cha kugeuza umeme kilichokuwa kinapiga filimbi betri ikikaribia kuisha. Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi kila asubuhi kuifuta pano vumbi. Nilijiona mtu mkubwa sana kule juu.

Lakini mashine yenyewe ilikuwa na akili yake. Ilikuwa inaganda katikati ya neno. Ilikuwa inaonyesha vibao vya Kifaransa ambavyo hata shangazi, na chuo chake, alivisoma mara mbili halafu akabonyeza popote. Na ilikuwa haijui siku. Kila ukiizima na kuiwasha, tarehe ilirudi ule mwaka ilipotengenezwa, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani tangu itoke kiwandani. Tuliizoea hivyo, kama unavyomzoea mzee wa mtaani anayekuita kwa jina la marehemu baba yako.

Shangazi alichapa jioni baada ya jioni, kidole kimoja kimoja, mpaka kisanduku kipige filimbi. Na kila ukurasa ulioingia ndani ya mashine, karatasi yake ya mkono ilihamia kwenye kapu la nyanya. Hakuna aliyeona ubaya. Maneno yalikuwa yameshafika mahali safi, pasipo mchwa wala mafuta, sasa karatasi ya nini tena? Soko zima lilikula karanga kutoka ndani ya mpunga wetu. Kuhusu klé, yaani kile kidude cha kubebea kazi mfukoni, shangazi alikuwa nacho, lakini siku moja alikipeleka kwa wachapaji wa mjini kikarudi na virusi, faili zote zimegeuka vishale vidogo visivyofunguka. Baba mkubwa akapiga marufuku: hakuna klé itakayoingia tena kwenye mashine yake na kuiambukiza. Kwa hiyo kazi yote ilikaa ndani, peke yake, salama.

Ikafika wiki ya kuweka kazi chuoni. Mwalimu wake alikuwa amesafiri, akampigia simu kwamba amtumie kwa intaneti aiangalie kwanza. Shangazi akanunua mega za intaneti, akaunganisha simu na mashine. Haikukubali. Kila ukurasa ulisema tarehe si sahihi. Akafikiri, akaenda kuirekebisha tarehe, akaweka siku ya leo. Hapo ndipo mashine ilipojua imechelewa miaka mingapi. Ikaacha barua ya shangazi pale pale, ikaanza kunywa mega zake zote kujiletea vitu vyake yenyewe, na zilipokwisha ikaona imepata za kutosha, ikajizima na kujiwasha. Kioo kikawa cha buluu. Usizime mashine yako.

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, na wingu lilikuwa limeshasimama upande wa mtoni, jeusi kabisa. Kwetu radi si mchezo. Mvua ya radi ikija, kila kinachong'aa ndani ya nyumba hufunikwa: vioo, sufuria, hata saa ya ukutani. Redio huzimwa. Nyanya alikuwa mkali sana kwa jambo hilo, na alikuwa ameshazunguka nyumba nzima na vikwembe begani alipofika sebuleni na kuikuta mashine inawaka.

"Zima hiyo kitu," akasema.

"Siwezi, mama," shangazi akajibu. "Iko nasema tusizime."

"Nani iko nasema?"

"Yenyewe. Tukizima katikati itaharibika. Na kazi yangu yote iko ndani."

"Maneno yote ya muchele?"

"Yote, mama."

Nyanya akasimama anatazama vile vidoti vinavyozunguka. Alikuwa hajui kusoma Kifaransa, lakini alijua namna ya mtu aliyezama katika jambo lake. "Basi muiache," akasema mwishowe. "Mutu akiwa ndani ya sala, hatumukate." Akachukua kikwembe cha mwisho begani, akakifunika kioo taratibu, akaketi kwenye mkeka mbele yake. Radi zilipotulia kidogo, alimruhusu shangazi kuinua pembe ya kitambaa na kuchungulia. Asilimia thelathini. Radi, anafunika. Anachungulia tena. Asilimia thelathini.

Jua lilikuwa limekwenda na pano haikuwa na kitu cha kula. Nyanya akaamuru vyote vingine vichomolewe, taa, simu ya baba mkubwa, kila kitu, ili ile betri imwachie mashine peke yake. Tukakaa gizani mchana, mvua inapiga bati kiasi kwamba ulipaswa kumsogelea mtu ndipo umsikie. Jenereta ya dukani ilikuwepo, lakini haikuwepo: baba mkubwa alikuwa ameiazimisha kwa jirani aliyefiwa na mama yake, na matanga yote yalikuwa yanaitegemea. Shangazi akamtazama kaka yake. Baba mkubwa akavaa koti la mvua, akatoka.

Alirudi amelowa mpaka mifupani, mikono mitupu.

"Nilifika," akasema, "wakanipa nafasi, tukasoma fatiha. Kisha wakaniletea kahawa. Ningesema nini pale? Kwamba munirudishie jenereta, kompyuta iko na haraka?"

Hakuna aliyemlaumu. Shangazi mwenyewe alitikisa kichwa kumkubalia, maana hata yeye asingeweza. Filimbi ya kisanduku ikaanza. Ilipiga muda mrefu, na sisi sote, watu wazima na watoto, tulikaa tunaisikiliza kana kwamba tukinyamaza sana itasita. Hakuna cha kushika, hakuna cha kuvuta, hakuna wa kumwomba. Kisha ikanyamaza, na mwanga mdogo wa buluu uliokuwa unaonekana chini ya kikwembe ukatoweka. Shangazi akaweka kiganja juu ya lile sanduku la mashine lililokuwa bado na joto, akakiacha hapo mpaka mvua ilipokatika.

Kesho yake jua lilitoka zuri, nikafuta pano, betri ikajaa. Mashine ikawaka, ikasema inajitengeneza, ikazima, ikawaka, ikasema inajitengeneza. Siku nzima. Fundi wa sokoni akaja, akaisikiliza, akabonyezabonyeza, akasema, "Vitu viko ndani. Lakini miye sina mukono ya kuvifikia." Akaeleza kwamba Bukavu kuna watu wanaoweza.

Wakati huo shangazi akakumbuka makaratasi. Akatutuma sisi watoto wote wa uani tuzunguke mtaani kuokota pembe za karanga. Tuliona mchezo mtamu mwanzoni. Tulipita sokoni, uwanja wa mpira, nyuma ya msikiti, mitaroni. Lakini mvua ilikuwa imepita kila mahali kabla yetu. Tulirudi na mabonge ya karatasi yenye mafuta, wino umeyeyuka, na shangazi akayaanika juu ya mkeka wa mpunga, akayageuza kwa ncha ya vidole. Kwenye moja kulisomeka "hupandwa mara baada ya." Baada ya nini, hakuna aliyejua. Kuku wakaja, nikawafukuza kama kawaida yangu, ingawa hapakuwa na kitu cha kudonoa.

Sanduku likafungwa tena ndani ya godoro, likapanda pikipiki na mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda upande huo, likiwa na maneno ya kumwambia fundi wa Bukavu: kuna kazi ya mtoto ndani, itoeni. Siku ya kuweka kazi chuoni ikapita. Shangazi akaambiwa asubiri mwaka unaofuata. Sisi tukangoja. Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira hadi leo, wala sijui nimkasirikie nani: miezi yote ile hakuna aliyeketi na nyanya kumuuliza tena. Kwa nini umsumbue mzee? Kazi iko ndani, inarudi. Hata yeye alisema hivyo kwa wageni, kwa fahari, kwamba mpunga wake umekwenda Bukavu. Msimu wa kupanda ulipofika, alipanda mbegu mpya iliyokuwa inagawiwa mjini kwenye mifuko myeupe, kwa kuwa inaiva haraka na magoti yalikuwa yanamuuma. Vibuyu akavisukuma juu ya dari, panya wakavipata.

Mashine ikarudi. Imepona kabisa. Ilikuwa imepita mikono mingi njiani, na yale maneno ya kumwambia fundi yaliangukia mahali fulani, hivyo huyo wa Bukavu aliona mashine mgonjwa akaiponya namna anayojua: akafuta kila kitu, akaiwekea mfumo mpya. Ilikuwa inawaka haraka, haigandi, hata tarehe sasa inaijua. Baba mkubwa alifurahi mpaka akatuita tuione, kioo chake kina picha ya vilima vya kijani vya nchi ya watu. Shangazi akaketi, akafungua hapa, akafungua pale. Akafunga. Akasema ahsante kwa kaka yake, kwa sababu alijua gharama ya usafiri ule.

Jioni ile aliingia jikoni na karatasi mpya. Nilikuwepo, nachambua karanga mbovu kwenye ungo. Alimwambia mama yake waanze upya, polepole. Nyanya akajifuta mikono, akakaa vizuri, akaanza. Meno ya Panya. Mujane. Usiambie Mugeni. Akaeleza ule wa mwisho na sote tukacheka. Halafu akasogeza kuni motoni. Akasema kuna ule wa matanga, jina lake liko hapa hapa. Akalitafuta. Akaruka kwenda kwenye ule wa wanawake waliojifungua, akataja udongo wake, halafu akasema hapana, huo ni udongo wa mwingine. Alikuwa anatazama moto. Shangazi alikuwa ameshaiweka kalamu chini.

"Mutoto yangu," nyanya akasema, "ile maneno nilikuwa naibeba peke yangu toka mama yangu alipokufa. Kila musimu narudilia, narudilia, nisisahau. Weye ukaandika, ukaniambia iko ndani, haitapotea. Basi nikatua muzigo. Sasa narudi pale nilipoutua, hakuna kitu."

Shangazi akamshika mkono akasema haidhuru, mama. Nyanya akasema inadhuru. Kisha akasimama kugeuza karanga zisiungue.

Nyanya hatunaye tena. Uwanja ule wa nyuma umejengwa vyumba vya kupangisha, na kinu sijui kilikwenda wapi. Shangazi alipata diploma yake mwaka uliofuata, kwa kuandika juu ya ubovu wa barabara ya Kabambare, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshaliandika, na sasa anafundisha huko huko mwisho wa barabara hiyo. Kila mwaka mimi hununua mashine bora, najifunza kuhifadhi kazi mahali pawili, patatu. Ninajua sasa jinsi ya kuitoa faili ndani ya mashine iliyokufa. Ni kazi rahisi, nimewafanyia wengi.

Baada ya ile mise à jour ya juzi nilimpigia shangazi. Tuliongea mambo mengine, watoto, mvua. Halafu akaniuliza, polepole, kama nimewahi kulikumbuka jina la ule wa matanga. Nikamwambia bado. Akasema na yeye bado. Nilipotoka kazini nilipitia sokoni, nikakuta rundo la mchele mweupe juu ya turubai, nikauchukua kiganjani, nikaunusa. Nikamuuliza mama aliyekuwa anauza unaitwaje. Alinitazama kuona kama namtania.

"Ni muchele tu, dada," akasema. "Nikupimie kopo ngapi?"

Nikamwambia mbili, akanipimia.